Uvimbe wa Kizazi na Suala la Nasaba: Khabari za Kisugu na Vilima Jirani

Kisugu ni mtaa wa tarafa ya Makindye katika jiji la Kampala, nao umelala mahali ambapo vilima vya Kibuli, Nsambya na Muyenga vinatelemka kulikabili bonde la Namuwongo, ambamo reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitishwa, ikavuta nyuma yake wachukuzi, mafundi, askari na wachuuzi wa kila kabila. Waganda wamo, na Wanubi, na Wajaluo, na siku hizi Wakongomani wa Kivu pamoja na Waeritrea wa upande wa Kabalagala; na kwa sababu hiyo Kiswahili, ambacho mahali pengi pa Buganda hutazamwa kwa jicho la shaka kama lugha ya kambi na ya kituo cha polisi, hapa hupata wasemaji bila ya kutafutwa. Tena ni mtaa uliozungukwa na matibabu: zahanati ya jiji imo ndani yake, hospitali ya Waislamu iko Kibuli, ya Wakatoliki iko Nsambya, na ile kubwa ya watu binafsi iko ukingoni mwa Namuwongo, hata mwanamke wa Kisugu anayeona uzito tumboni usio mimba hakosi mlango wa kubisha, akikosa ni nauli na ada.

Uzito huo aghalabu ni uvimbe wa kizazi, ambao matabibu huuita faibroidi na Waganda huuita ebizimba: mafundo ya nyama ngumu yaotayo katika msuli wa mji wa mimba, mengine madogo kama kunde na mengine makubwa kupita kichwa cha mtoto, yakamletea mwanamke hedhi nyingi ipitayo siku zake, upungufu wa damu, maumivu ya kiuno, na mara nyingine kuharibika kwa mimba au ugumba. Si saratani, na ni nadra mno kuua. Na sifa hiyo njema, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyoyafanya maradhi haya yapite katika daftari za Kampala kwa muda mrefu pasipo kuandikwa sawasawa. Maana kwa zaidi ya karne nzima mwanamke mwenye uvimbe katika vilima hivi ameulizwa kwanza amefanya nini, kabla ya kuulizwa amezaliwa na nani. Na suala hili la pili, ambalo elimu ya nasaba imelirudisha kwa nguvu katika zama zetu, lilikwisha kujulikana hapa zamani, ila halikuwa mikononi mwa matabibu.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa nchi hizi walikuwa wageni wa mji wa mimba hata Wazungu walipofika. Mwaka 1879 tabibu kijana wa misheni, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura katika Bunyoro upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, akauchapisha mwaka 1884 katika jarida la matabibu la Edinburgh. Mwanamke, mwenye umri wa miaka kama ishirini na mimba yake ya kwanza, alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu. Mganga akanawa mikono kwa pombe ile ile, akaliosha tumbo la mgonjwa kwa hiyo kisha kwa maji, akapasua kutoka chini kuelekea kitovuni. Msaidizi akazuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto alipokwisha kutolewa, mganga akaukanda mji wa mimba mpaka ukajikunja, na ngozi ikafungwa kwa sindano saba za chuma zilizozungushiwa kamba ya gome la mti. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Watu walioweza kufika huko na kurudi na mama aliye hai hawakukosa kuyakuta mafundo ya ebizimba kwa vidole vyao. Lakini Felkin hakuulizia hayo, nasi hatuna haki ya kumtia maneno kinywani mganga wa Kahura.

Dr. Albert Cook, tabibu wa misheni kutoka Uingereza, alifika Mengo, kilima kingine cha Kampala, mwaka 1897 na kufungua hospitali yake mwaka huo huo, na miaka mitatu baadaye akamwoa Katharine Timpson, muuguzi aliyekuja pamoja naye; radi ikaiteketeza hospitali ile mwaka 1902, wakajenga nyingine; mwaka 1903 watawa wa Kifransisko wakafika Nsambya, miongoni mwao Teresa Kearney, mtawa kutoka Ireland ambaye Kampala nzima ilimjua kwa jina la Mother Kevin, wakaanza kutibu watu chini ya mwembe. Cook alikuwa mwandishi asiyechoka, na faili za wagonjwa wa Mengo zimehifadhiwa hata leo katika maktaba ya utabibu ya Makerere inayobeba jina lake. Kwa uvimbe wa tumboni tabibu wa zama zile alikuwa na nyenzo mbili tu, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa na kisu chake. Mashine ya eksirei haikumfaa kitu, kwa kuwa nyama laini ya kizazi haionekani katika picha yake isipokuwa fundo limezeeka likageuka chokaa.

Huko Ulaya, Rudolf Virchow alikuwa amekwisha kubainisha tangu mwaka 1854 kwamba mafundo haya ni msuli uliozidi, yaani hayatoki katika damu iliyoganda wala katika usaha. Hivyo mwalimu wa Cook aliweza kumfundisha nini kilichomo ndani ya uvimbe. Kwa nini mwanamke huyu anao na jirani yake hana, suala hilo halikuwamo katika vitabu vyake. Na pahala palipo wazi hapakosi kujazwa: Buganda pakajazwa na kaswende.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Kanali Lambkin wa jeshi la matabibu kuchunguza maradhi ya zinaa katika nchi, naye mwaka uliofuata akatangaza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wana kaswende, na kwamba katika baadhi ya sehemu walio nayo ni wengi kupita hapo. Sababu aliyoitoa ni ya kustaajabisha kwa mtu aliyesoma: alidai kuwa Ukristo umewafungua wanawake kutoka katika ulinzi wa zamani wa machifu na waume, nao wakaitumia vibaya ruhusa ya kutembea. Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya kutibu maradhi hayo, na mafunzo ya wakunga ambayo Bibi Katharine Cook aliyaanzisha Mengo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo yaliokoa maisha ya akina mama wengi, yalizaliwa katika khofu ile ile kwamba kizazi cha Waganda kinaangamia kwa sababu ya mwenendo wa mama zao. Mwanamke asiyezaa, au aliyepoteza mimba, au aliyetokwa na damu kupita kiasi, alikuwa mtuhumiwa kabla ya kuwa mgonjwa. Hospitalini aliulizwa juu ya wanaume. Nyumbani, kama alikuwa na mke mwenza, aliulizwa juu ya uchawi. Sioni tofauti kubwa baina ya mahakama hizo mbili.

Aliyeubomoa ukuta wa tuhuma hizo kwa sehemu kubwa ni Jack Davies, profesa wa patholojia wa Makerere, mtu ambaye historia ya utabibu wa Uganda ina deni kwake zaidi ya inavyolikiri. Mwaka 1956 aliandika makala ndefu akionyesha kwamba kaswende iliyomtisha Lambkin kwa sehemu kubwa haikuwa ya zinaa bali ya namna ile inayoambukiza watoto kwa kuchangia vyombo na kulala pamoja. Na miaka mitatu baadaye akaitoa tena hadithi ya Felkin na Kahura, akitetea kwamba Bunyoro ilikuwa na utabibu wenye majaribio na utaratibu. Huyo ndiye aliyeasisi Daftari la Saratani la Kampala katika miaka ya 1950, ambalo linakusanya khabari za Kyadondo, kaunti ambayo Kisugu imo ndani yake; na ijapokuwa kazi yake ilikatika katika miaka ya machafuko mpaka ikafufuliwa 1989, ni miongoni mwa daftari za kale za namna hiyo katika Afrika nzima. Lakini daftari la saratani huandika saratani. Uvimbe wa kizazi, ulio mwingi kuliko saratani zote za wanawake zikijumuishwa, uliingia maabara ya Mulago katika ndoo, ukakatwa, ukatazamwa, ukaonekana hauna shari, ukatupwa. Hivyo mji uliotoa mojawapo ya hesabu bora za magonjwa mabaya barani ulikosa hesabu ya ugonjwa unaowatoa damu wanawake wake kila mwezi.

Wakati huo huo, mbali na hapa, siri ya asili ya mafundo haya ilifunuliwa kwa alama ambayo Afrika ilikuwa imeibeba katika damu yake. Kila mwanamke ana kromosomu mbili za X, moja ya baba na moja ya mama, na mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza alieleza kwamba mapema tumboni kila chembe ya mwili huchagua moja ya hizo mbili na kuinyamazisha nyingine milele. Juu ya kromosomu hiyo ya X ndipo ilipo jeni ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kwa watu wenye asili ya Kiafrika kina sura zaidi ya moja, kwa sababu baadhi ya sura zake zilimpa mwenye nazo nafuu mbele ya malaria. Mwaka 1965, katika mji wa Seattle huko Marekani, David Linder na Stanley Gartler waliwatafuta wanawake waliorithi sura moja kwa baba na nyingine kwa mama, wakapima msuli wa vizazi vyao na mafundo yaliyomo. Msuli wenyewe ulikuwa na sura zote mbili zilizochanganyika, kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili. Bali kila fundo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na rangi moja tu, na fundo la pili katika kizazi kile kile liliweza kuwa na rangi nyingine. Maana yake ni dhahiri: kila fundo limeanza kwa chembe moja iliyopotoka peke yake, na mwanamke mwenye mafundo kumi amepata ajali kumi mbalimbali. Homa ya mbu wa mababu ndiyo iliyotoa ushahidi huo, na sidhani kama kuna mfano mzuri zaidi wa historia ya nchi kujiandika ndani ya mwili wa binti zake.

Kutoka hapo suala likagawanyika mara mbili, na watu wengi hata leo hulichanganya. Liko kosa linalotokea ndani ya msuli baada ya mtu kuzaliwa, lisilorithiwa wala kurithishwa. Na uko udhaifu alioutoa mtu kwao, unaomfanya awe mwepesi wa kupatwa. La kwanza lilipata jina mwaka 2011, wataalamu wa Helsinki walipochunguza mafundo 225 ya wanawake 80 wakakuta kwamba kiasi cha saba katika kila kumi yana kosa katika jeni moja iitwayo MED12, nayo pia imo juu ya kromosomu ya X. Na walipotazamwa wanawake wa Afrika Kusini, takriban nusu ya mafundo yao yalikuwa na kosa hilo hilo. Ukimwambia mgonjwa kwamba uvimbe wake una kosa la MED12, hujamwambia neno juu ya mama yake.

Juu ya la pili ushahidi ulikusanyika polepole. Mapacha wa Australia walionyesha kwamba wale waliotoka katika yai moja hufanana katika kutolewa kizazi kuliko wale wa mayai mawili. Familia za Moscow, katika uchunguzi uliotoka mwaka 1995, zilionyesha kuwa ndugu wa karibu wa mwenye uvimbe hupatwa zaidi ya mara mbili kuliko wengine. Mwaka 2002 ikapatikana jeni iitwayo FH, ambayo ikiharibika na kurithiwa huleta mafundo mengi katika umri mdogo, pamoja na vipele vigumu vya ngozi na, kwa baadhi ya watu, saratani ya figo. Hiyo ni nadra, lakini tabibu anayekutana na msichana wa miaka ishirini mwenye kizazi kilichojaa na vipele mkononi akisahau kumuuliza juu ya figo za baba yake amefanya uzembe. Walio wengi hawana kosa kubwa kama hilo. Wanazo tofauti ndogo ndogo zilizotawanyika: Wajapani walizikuta sehemu tatu mwaka 2011, na kufikia mwaka 2019 uchunguzi mmoja mkubwa, uliotegemea zaidi wanawake wenye asili ya Ulaya, ulihesabu sehemu 29, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu, na kadhaa zikishirikiana na maradhi mengine ya kizazi. Na nje ya nasaba yako mambo mengine yanayojulikana: kuvunja ungo mapema huongeza hatari, unene vilevile, na kuzaa hupunguza. Bibi wa Buganda aliyezaa watoto wanane hakuwa na damu tofauti na mjukuu wake wa Kisugu mwenye mmoja. Alikuwa na miaka mingi zaidi ambayo kizazi chake kilikuwa na kazi.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kuna neno linalosemwa kwa wepesi mno, kwamba uvimbe ni ugonjwa wa watu weusi. Hesabu inayotajwa sana ilitoka Washington mwaka 2003, nayo yasema kwamba wanawake weusi wa Marekani zaidi ya asilimia 80 huwa wamepata uvimbe wafikapo miaka hamsini, ilhali weupe ni karibu asilimia 70. Tofauti ipo, na weusi huupata mapema zaidi na mkubwa zaidi. Lakini ugonjwa unaowapata weupe saba katika kumi hauwezi kuitwa wa weusi. Wala damu ya Mwafrika wa Marekani si damu ya Mganda, sembuse ya Mjaluo au Mshi wa Bukavu, maana watu wa Afrika wanatofautiana wao kwa wao kuliko watu wa mabara mengine yote. Jambo hili lilidhihirika Uganda yenyewe, pale Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, ambapo watafiti walianza mwaka 1989 kufuatilia vijiji kwa sababu ya UKIMWI, na mwaka 2019 wakatoa nasaba za watu kiasi cha 6,400, hazina kubwa isiyo na mfano katika sehemu hizi. Wakaziunganisha na urefu, mafuta ya damu, sukari, shinikizo na ini. Mji wa mimba haukuwamo.

Na kumbe sasa kuutazama ni rahisi. Mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo Ian Donald wa Glasgow aliipatia njia mwaka 1958, imefundishwa Mengo katika chuo kinachobeba jina la Ernest Cook, mpwa wa Albert, na wanafunzi wake wametawanyika katika kila barabara ya mji. Kisugu utaiona katika chumba cha nyuma cha zahanati iliyo baina ya duka la simu na kinyozi: kitanda chembamba, pazia, chupa ya mafuta baridi, na kioo cha kijivu ambacho fundo huonekana ndani yake kama kivuli cha mviringo. Katika zahanati moja ya namna hiyo nilimsikia muuguzi akimwandikisha mama wa Kivu ambaye Luganda yake ilikuwa changa, hivyo wakazungumza Kiswahili. “Mama,” muuguzi akauliza, “kwenu kuna aliyepata uvimbe wa kizazi? Mama mzazi? Dada?”

“Mama hapana. Dada sina,” akajibu. “Shangazi, dada ya baba, walimtoa kizazi Bukavu. Na mama yao pia alikuwa anatoka damu sana.”

Muuguzi, mwenye foleni mlangoni, akaandika: hapana. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya mama na dada.

Mtu wa Buganda wa zamani asingeliandika hivyo. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na anayempokea binti anapokua, akamfunza mambo ya mwili na ya ndoa, ni ssenga, yaani shangazi upande wa baba. Naye kwa daraja yake hujua habari za hedhi, za mimba na za ugumba za wasichana wote wa nyumba ya kaka zake. Tena binti haruhusiwi kuolewa katika ukoo wa baba wala katika ukoo wa mama, kwa hiyo kila posa ilikuwa fursa ya wazee kupeleleza nyumba nyingine, desturi ambayo Pwani nayo yaijua barabara. Elimu hiyo ilitumika vibaya mara nyingi, na wanawake wengi waliachwa kwa khabari za shangazi zao, siitetei. Nasema tu kwamba ilishika upande ambao fomu ya zahanati imeuacha. Baba hana kizazi, na kwa hiyo udhaifu anaoubeba hauonekani kwake. Lakini huupitisha, FH kwa mfano hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na zile tofauti ndogo ndogo vivyo hivyo. Kromosomu yake ya X anampa kila binti wake ile ile moja, kwa kuwa hana nyingine, naye aliipokea kwa mama yake mzazi. Anayeweza kusema ni nini kilichomo upande huo ni bibi mzaa baba na ssenga, na wengi wao wako hai, Masaka na Mityana na Bukavu, nao hukumbuka vyema nani alitolewa kizazi, katika hospitali gani, na alikuwa na watoto wangapi siku hiyo.